Ripoti inasema kuna "viputo vya hewa" kichwani mwa mama: ni jipu, ni pamba iliyosahaulika, au ni kitu kingine?

*Swali:* "Daktari, mama yangu ana miaka 58. Alifanyiwa upasuaji wa kichwa kutoa uvimbe ambao tuliambiwa umeota kwenye utando unaofunika ubongo, si kwenye ubongo wenyewe. Upasuaji ulikwenda vizuri. Siku ya 9 alilalamika kichwa kidogo, wakampiga CT-Scan. Ripoti ni ya Kiingereza; binti wa jirani anayesomea uuguzi ametutafsiria hivi: 'Mahali ulipotolewa uvimbe kuna eneo la sentimita 3 lenye viputo vya hewa. Linaweza kuwa vifaa vya kuzuia damu au jipu. Lilinganishwe na hali ya mgonjwa.' Dada yangu mkubwa anakumbuka daktari alituambia siku ya upasuaji kwamba 'tumemwekea kitambaa cha kuzuia damu'. Sasa anasema ni wazi wamesahau pamba kichwani mwa mama, na anataka tumhamishie hospitali nyingine akafunguliwe. Mama mwenyewe anakula, anakwenda msalani bila kushikwa, hana homa, na kidonda ni kikavu. Anaendelea na vidonge vya kupunguza uvimbe wa ubongo. Je, tudai afunguliwe? Tukafanye MRI? Na kama ni kitambaa kweli, kitatoka vipi?"

*Jibu:* Mpe mama pole, nanyi poleni kwa kukesha. Nianze na jambo ulilolitaja kwa kupita tu, ambalo kwangu lina uzito kuliko ripoti yote: mama anakula, anatembea, hana homa, kidonda kikavu. Mtu mwenye usaha kichwani kwa kawaida hana sura hiyo. Sisemi haiwezekani kabisa, na huko mbele nitaeleza kwa nini vile vidonge vyake vinaweza kutudanganya. Lakini kwa haya uliyoyaandika, kumfungua tena mama yako kesho lisingekuwa wazo langu.

Maneno ya ripoti hiyo nayajua vizuri, maana mimi ni daktari wa radiolojia na nimeyaandika mara nyingi. Naomba uelewe yanaandikwa katika hali gani. Anayesoma picha amekaa chumba chenye giza, mbele ya skrini, hajamwona mama. Karatasi ya maombi iliyomfikia pengine ina mstari mmoja tu: "Amefanyiwa upasuaji wa kichwa, aangaliwe." Haisemi nini kilitolewa, haisemi nini kiliwekwa, haisemi kama ana homa. Anaona shimo lenye viputo. Anajua vitu viwili vinavyoweza kufanana hivyo, anaviandika vyote viwili, kisha anamrudishia daktari wa wodini mpira. Hajasema mama ana jipu. Amesema picha peke yake haimtoshi kuamua.

Sasa tuje kwenye "kitambaa", maana naona hilo neno ndilo lililozua kasheshe nyumbani kwenu.

Tumboni, daktari akikuta mshipa unavuja ataubana kwa koleo na kuufunga kwa uzi. Ubongo haukubali mambo hayo. Ni laini kama nyama ya dafu. Ukivuta uzi, unakata. Mishipa inayoonekana huchomwa kwa koleo dogo la umeme, ndiyo. Lakini uvimbe ukishatoka, kuta za shimo lililobaki hutoa damu kama jasho, kutoka kwenye vimishipa visivyohesabika, na huwezi kuchoma ukuta mzima bila kuua ubongo ulio chini yake. Kwa hiyo daktari hutandika juu yake kitu cha kuisaidia damu kuganda, anakandamiza taratibu kwa dakika chache, anamwagia maji ya chumvi, anaangalia. Pakinyamaza, anafunga kichwa. Ile tandiko, au sehemu yake, mara nyingi inaachwa pale pale kwa makusudi.

Kinachotumika sana ni cha aina mbili. Cha kwanza ni selulosi iliyooksidishwa. Wengi wanaijua kwa jina la Surgicel. Asili yake ni mmea, na kwa macho ni kitambaa hasa: kipande cheupe kilichofumwa, chepesi kama wavu wa kufunikia maziwa. Ikigusa damu, haichukui muda inageuka kahawia, kisha nyeusi, ikawa kama ute. Cha pili ni sponji ya jelatini, kwa mfano Gelfoam. Hiyo ikiwa kavu ni kama kipande cha boflo: nyeupe, nyepesi, imejaa matundu, daktari anaikata kwa mkasi kwa ukubwa anaoutaka. Inaweza kunywa maji zaidi ya mara 30 ya uzito wake. Zote mbili ziliingia vyumba vya upasuaji katika miaka ya 1940, kwa hiyo si majaribio mapya anayofanyiwa mama. Siku hizi ipo pia jelatini ya majimaji iliyochanganywa na thrombini (protini ya kugandisha damu), inayosukumwa kwa bomba la sindano kwenye pembe ambazo mkono haufiki, na ipo kolajeni ya unga.

Na ipo nta. Kingo za fuvu lililokatwa nazo huvuja damu, na hapo hupakwa nta ya mifupa. Victor Horsley, daktari wa upasuaji wa London, aliieleza mwaka 1892: nta ya nyuki iliyolainishwa kwa mafuta ya lozi. Hadi leo nta ya nyuki ndiyo kiungo chake kikubwa, kitu kile kile ambacho watu wa Tabora wanakirina msituni.

Kwa hiyo daktari aliposema "tumemwekea kitambaa cha kuzuia damu" alikuwa anawapa taarifa. Mtu aliyesahau kitu hawezi kukutangazia siku hiyo hiyo kwamba amekiweka. Mwambie dada hivyo, kwa upole, maana hofu yake haikutoka hewani.

Na kweli haikutoka hewani: pamba husahaulika mwilini, hapa kwetu na Ulaya pia. Tatizo hilo lina hata jina la kitabibu, gosipiboma, na vitabu vingi vya tiba vinaeleza kwamba limeundwa kwa neno la Kilatini la pamba, kisha neno la Kiswahili "boma", wanalolitafsiri kuwa "maficho". Kila nikilisoma nacheka. Boma ninalolijua mimi ni la ng'ombe au la mkuu wa wilaya, na hakuna kati ya hayo lililofichika. Lakini tuendelee. Pamba zinazotumika ndani ya kichwa ni vipande vidogo bapa vilivyoshonewa uzi mrefu unaoning'inia nje ya kidonda, na kila kipande kina mstari uliotengenezwa ili uonekane kwenye eksirei. Muuguzi wa chumba cha upasuaji huvihesabu kabla na baada, na hesabu huandikwa. Kwenye CT-Scan mstari ule unang'aa mweupe, mwembamba, mnyoofu, kitu ambacho hakifanani na sehemu yoyote ya mwili. Kama mama angekuwa nao, msomaji wa picha hangeandika "viputo vya hewa". Angepiga simu wodini. Ukitaka kuhakikisha, muulize waziwazi: "Je, umeona mstari wa pamba?" Ni swali halali, halimtukani mtu.

Sasa hivyo viputo. Watu wengi, hata baadhi ya wahudumu wa afya, wakisikia hewa ndani ya kichwa wanaruka moja kwa moja hadi kwenye usaha. Fikiria tu: fuvu lilifunguliwa kwa saa kadhaa. Hewa ya chumba iliingia, na maji ya ubongo yalifyonzwa ili kupata nafasi ya kufanyia kazi. Fuvu linapofungwa, hewa kiasi inabaki ndani. Mwili huinywa polepole, kwa kawaida ndani ya wiki moja hadi tatu. Ile iliyo huru huondoka mapema zaidi. Ile iliyonaswa kwenye matundu ya sponji au katikati ya nyuzi za kitambaa hukaa muda mrefu kwa sababu haina njia. Chovya kipande cha boflo kwenye chai kisha ukibonyeze kwa kijiko uone mapovu yanavyotoka. Basi yale ambayo hayakutoka ndiyo tunayoyaona kwenye picha ya mama.

Mashine ya CT-Scan inaipa kila nukta ya picha namba. Ni kipimo kilichopewa jina la Godfrey Hounsfield, mhandisi aliyeiunda mashine hiyo. Mgonjwa wa kwanza alipigwa picha London, Oktoba 1971. Maji ni 0. Hewa ni hasi 1000. Damu mbichi iliyoganda ni kama 60 hadi 80. Nikifungua picha kama ya mama yako, naweka kiduara kidogo cha kipanya juu ya lile eneo na kusoma namba: mchanganyiko wa nyuzi, damu na hewa hunipa namba hasi, wakati mwingine mamia chini ya sifuri. Usaha wenyewe hauko hivyo. Uko juu kidogo ya maji. Nta ya mifupa nayo husoma chini ya sifuri, na msomaji asiye na uzoefu huiona nyeusi pembeni mwa fuvu akadhani ni hewa iliyoingia jana.

Kisha naangalia mpangilio. Mgonjwa amelala chali mashineni. Ikiwa kuna gesi juu ya usaha, ile gesi inaelea mbele na usaha unatulia nyuma, na kati yao panachorwa mstari mnyoofu kabisa kama soda ndani ya chupa iliyolazwa. Viputo vilivyonaswa kwenye kitambaa havielei. Vimebaki katikati au vimebanana ukutani, vingine vimejipanga safu, na ukiangalia vizuri utaona umbo la kipande chenyewe: kona, ukingo, mkunjo. Nikiona safu hiyo moyo wangu hutulia sana, ingawa siyo kiapo.

Nitakueleza kwa nini nasema siyo kiapo. Miaka mingi iliyopita, nikiwa bado nasomea ubingwa, niliandika "jipu" bila kusita kwa kijana aliyetolewa uvimbe siku 6 kabla. Nilikuwa nimeona shimo, viputo, na ukingo uliong'aa baada ya dawa ya mshipani. Walimfungua usiku. Wakakuta selulosi iliyogeuka ute mweusi, basi. Usaha hakuna, na maabara haikuotesha kijidudu chochote. Kijana alipona, lakini alilala meza ya upasuaji mara ya pili kwa sababu ya neno langu. Asubuhi yake nikaenda kusoma faili lake, kitu ambacho nilipaswa kufanya kabla. Kwenye maelezo ya upasuaji imeandikwa wazi kwamba shimo limetandikwa selulosi tabaka mbili. Na homa hakuwahi kuwa nayo.

Je, MRI itamaliza ubishi? Itasaidia, lakini isipokee sifa isizostahili. Ina picha moja maalumu inayoonyesha jinsi molekuli za maji zinavyotembea. Usaha ni mzito, maji yake hayatembei, kwa hiyo unang'aa mweupe kwenye picha hiyo na kuwa mweusi kwenye ramani inayoambatana nayo. Ni ushahidi mzuri wa jipu katika mtu ambaye hajapasuliwa. Baada ya upasuaji, damu iliyoganda nayo inaweza kung'aa vivyo hivyo, na hewa inaharibu picha kwa kutengeneza weusi unaomeza jirani zake. Selulosi katika wiki za mwanzo huwa nyeusi kwenye picha ambazo maji na usaha huonekana meupe, na hapo tunapata pa kushikilia. Tatizo jingine ni ukingo unaong'aa. Kuanzia takriban siku ya 3 baada ya upasuaji, nyama changa ya kovu huanza kunywa dawa inayong'arisha picha, na inaweza kuendelea hivyo kwa miezi. Pete inayong'aa kuzunguka shimo siku ya 9 inaweza kuwa jipu, inaweza kuwa uponyaji wa kawaida. Hii ndiyo sababu hospitali zenye uwezo hupiga MRI ndani ya saa 48 hadi 72 za mwanzo, kabla kovu halijaanza kuchanganya mambo. Kama mama alipigwa siku hizo, picha ile ni dhahabu, itafuteni.

Kama kuna aliyewaambia kwamba sumaku ya MRI itavuta vitu vilivyowekwa kichwani, selulosi, jelatini, kolajeni na nta hazina chuma hata chembe. Vibati na skrubu za kurudishia fuvu siku hizi kwa kawaida ni titani, hazileti shida. Hata hivyo wataje kwa fundi wa mashine kila mara.

Nikiwa mahali pako, basi, ningefanyaje? Kwanza ningeomba nakala ya maelezo ya upasuaji, ile karatasi daktari anayoandika akimaliza kazi, na kuipeleka kwa aliyesoma picha. Hiyo haina gharama na mara nyingi inamaliza shughuli. Pili, vipimo vya damu: chembe nyeupe na CRP, protini inayopanda kwenye damu mwili ukiwa na jeraha au maambukizi. CRP hupanda baada ya upasuaji wowote, inafika kilele siku ya 2 au ya 3, halafu inashuka. Ikiwa ya mama inashuka, vizuri. Ikiwa ilishuka halafu imepanda tena, hiyo ni kengele. Hapa ndipo vile vidonge vinapoingia. Dawa ya kupunguza uvimbe wa ubongo anayotumia kwa kawaida ni deksamethasoni, na deksamethasoni inaweza kuzima homa na kupandisha chembe nyeupe bila maambukizi yoyote. Kwa hiyo "hana homa" yake ni ushahidi mzuri, ila nusu bei. Msimkatishe dawa hiyo wenyewe ili "kuona kama homa itatokea". Ikikatwa ghafla ina madhara yake.

Tatu, kama vipimo ni shwari na mama anaendelea vizuri, kurudia CT-Scan baada ya wiki moja hadi mbili ni njia ya busara. Viputo vya kitambaa hupungua. Vya maambukizi huongezeka, au eneo linanenepa na kuvimbisha ubongo jirani. Mionzi ya CT-Scan moja ya kichwa ni kama millisieverti 2, karibu na ile ya asili tunayoipata kwa mwaka mzima, kwa hiyo kwa mtu wa miaka 58 isiwazuie. MRI ningeifanya sasa kama vipimo vya damu vina utata au dalili zinabadilika, si kwa ajili ya kumridhisha dada. Kufungua tena ni kwa ajili ya mgonjwa ambaye dalili, damu na picha zote zinaelekeza upande mmoja, au anayezidiwa. Na antibayotiki za "tahadhari tu" sizipendi: haziondoi kitambaa, na kama kweli kuna kijidudu, zitakifanya kisiote maabara siku tutakapokihitaji.

Kuhama hospitali mna haki. Ila mkienda bila CD ya picha na maelezo ya upasuaji, bingwa mpya ataanza kubahatisha pale pale alipobahatisha wa kwanza, tena akiwa na taarifa kidogo zaidi.

Kitambaa kitatoka vipi? Hakitoki, kinayeyuka. Selulosi kidogo huliwa na mwili katika wiki moja au mbili, tabaka nene huchukua muda zaidi. Sponji ya jelatini huisha katika wiki 4 hadi 6. Nta haiyeyuki, itabaki ukingoni mwa fuvu miaka yote, na wasomaji wa picha watakaokuja wataiona kama doa jeusi, ndiyo maana nasisitiza karatasi ile itunzwe. Vitu hivi havikosi kasoro. Selulosi hunywa maji na kuvimba, na ikiachwa mahali pembamba penye mfupa pande zote, kama karibu na neva ya jicho au uti wa mgongo, inaweza kubana. Ndiyo maana huko madaktari huiondoa damu ikishakata. Mara chache mwili huizungushia uvimbe wa kovu unaoonekana miezi baadaye na kufanana na uvimbe uliorudi. Mama akipigwa picha ya ufuatiliaji, kwa kawaida miezi kadhaa kutoka sasa, na mtu akasema "umerudi", swali lenu la kwanza liwe: pale paliwekwa nini, na picha za mwanzo zilionyesha nini?

Yapo mambo ambayo hayasubiri wiki mbili wala jibu langu. Mama akipata homa ya nyuzi 38 au zaidi, kichwa kinachozidi kila siku badala ya kupungua, kutapika, shingo kukaza, usingizi usio wa kawaida, kuongea ovyo, degedege, mkono au mguu kulegea. Kidonda kikivimba, kikiwa chekundu au kikitoa majimaji. Au maji meupe kama ya kunywa yakimtiririka puani anapoinama. Lolote kati ya haya likitokea, mpelekeni siku hiyo hiyo, ikiwezekana pale alipopasuliwa. Na kwa kuwa kwetu kila homa huitwa malaria: apimwe malaria, sawa, lakini afike kwanza hospitalini. Kipimo kikisoma chanya bado aangaliwe kichwa, maana mtu anaweza kuwa na vyote viwili.

Kesho ukienda wodini beba daftari. Andika kilichowekwa, tabaka ngapi, upande gani, na namba ya CRP yenye tarehe yake. Kisha umsomee dada.